Kikohozi cha Kitanda cha Sita

Mbeya, Jumatatu, 1 Desemba 1975

Leo ni tarehe mosi Desemba, mwaka wa sabini na tano, na ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Kwimba. Nilitoka kijana, nimechukuliwa kubeba machela vitani, nikawaambia nyumbani wanihifadhie jembe langu. Jeshini nikafundishwa udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Kutoka hapo nilifanya kazi Dodoma, kisha Iringa, kisha hapa, na hapa nikastaafu, na hapa nikamzika mke wangu. Nikiulizwa kwetu ni wapi bado natamka Kwimba, lakini kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu.

Nimeitwa tena kazini. Dokta Kalinga, kijana wa Iringa aliyesomea Ulaya, anafanya utafiti wa uuguzi katika hospitali mbili, moja hapa na nyingine Iringa. Swali lake ni zuri, na ningefurahi kama lingeulizwa nilipokuwa kijana. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, akigeuzwa kila baada ya saa mbili na ngozi yake ikasafishwa na kukaushwa vizuri, je, ataepukana na vidonda vya kulalia kuliko yule anayegeuzwa muuguzi akipata nafasi?

Mimi nitakaa wodini kuangalia kama tiba iliyopangwa ndiyo inayotolewa.

"Nusu ya tiba tunazosema hazifai, mzee," aliniambia, "hazikuwahi kutolewa. Ziliandikwa tu kwamba zimetolewa."

Nimetumikia hospitali tangu enzi za Mwingereza na sikuwahi kumsikia daktari akisema hivyo. Nilikubali chai ikiwa bado moto.

4 Desemba

Vitanda vimepigiwa kura leo katika wodi ya wanaume. Vikaratasi viliwekwa ndani ya kofia ya Metroni Benedicta, naye akavichomoa kimoja kimoja kwa uso wa mtu anayetoa meno. Kitanda cha kugeuzwa kwa utaratibu kimefungwa kitambaa chekundu miguuni. Vingine vimeachwa kama vilivyo.

"Wewe ni jicho, Mzee Malimi," Dokta alisema. "Mkono wako ubaki mfukoni. Ukisaidia, ukimkumbusha sista, ukisogeza hata mto, hatutajua tena kama aliyemponya mgonjwa ni tiba au ni wewe."

Nilimwambia nimeelewa, nikausifu mpango wake. Nilielewa kweli. Hoja ni sahihi.

9 Desemba

Mvua kutwa. Kiti changu kina mguu mmoja mfupi.

15 Desemba

Kitanda cha sita kimepata mtu: Mzee Isakwisa kutoka Rungwe. Lori la ndizi lilipinduka kwenye matope naye akiwa juu ya mzigo. Mgongo umevunjika, na kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu.

"Nilipanda lori mzima," alinieleza, "nikashuka nusu. Nusu nyingine bado inasafiri."

Dada yake, Mama Marta, amekuja naye na amepata pa kulala kwa watu wa kanisa lake. Atakuwa anamletea chakula. Kitanda cha sita kina kitambaa chekundu, kwa hiyo nilifurahi kwa ajili ya mzee huyu. Nimeshaona migongo ya namna hiyo ikiachwa. Naijua harufu yake.

Asubuhi wodi iko chini ya Sista Apolonia, Mbena kutoka upande wa Njombe, mwanamke mnene mwenye kelele ambaye humviringisha mgonjwa kama unga wa chapati huku akimhadithia bei ya vitunguu. Kazi yake ni safi. Mchana hadi usiku unapoingia ni Sista Matilda, Mnyakyusa, hajafika miaka thelathini, mpole, mwenye mikono myepesi. Usiku kuna muuguzi mwingine na msimamizi mwingine, hao si wangu.

22 Desemba

Mzee Isakwisa ana kikohozi cha ajabu. Asubuhi hana kabisa. Mchana kinaanza: kikubwa, kikavu, cha mara mbili au tatu mfululizo, halafu kinanyamaza. Dokta amempima kifua hakusikia kitu, akamwandikia dawa ya kikohozi. Mzee ameinywa na kuisifu utamu wake.

25 Desemba

Krismasi. Ubwabwa na nyama kwa wagonjwa wote. Ukungu umeufuta mlima Loleza.

3 Januari 1976

Nina hasira na ninataka kuiandika ikiwa bado inachemka.

Kwa wiki mbili sasa nimemwangalia Sista Matilda. Kitanda cha pili anageuza. Cha nne anageuza, anaosha, anakausha, anapaka poda, anakunjua shuka isiache hata mkunjo mmoja. Cha tisa hivyo hivyo. Cha sita hakifikii. Anakuja hadi katikati ya wodi, macho chini, anasimama, anageuka kana kwamba amesahau kitu, anatoka. Halafu namwona anazunguka jengo kwa nje, kwenye mvua, ili aingie kwa mlango wa pili kuwahudumia walioko upande ule. Analowa mabega ili asipite mbele ya mgonjwa mmoja.

Wakati mwingine anamtuma Saulo, mhudumu wa kufagia. Saulo ni mwanamume mwenye nguvu ambaye hakufundishwa. Anamshika mzee mguu na bega na kumvuta juu ya shuka kama gunia. Ngozi inachubuka. Ni afadhali asimguse. Mara nyingi Saulo hayupo, yuko jikoni au amesukuma maiti, na mzee analala kama alivyoachwa na Apolonia saa nane hadi zamu ya usiku iingie. Jioni Matilda anatia alama kwenye karatasi ya kitanda kwamba amegeuzwa.

Nimekutana na wauguzi wavivu, wezi wa spiriti, na mmoja aliyekuwa akilala chini ya meza. Sikuwahi kukutana na anayemchagua mzee mmoja asiye na miguu ili amtese. Nimeandika kila kitu.

11 Januari

Wekundu umetokea juu ya mfupa wa nyonga ya kulia. Ukibonyezwa haupotei.

17 Januari

Mvua iliyonyesha leo mchana sijaiona tangu tuanze. Paa la wodi ni la bati, na bati likipigwa namna ile mtu hamsikii aliye kitanda cha jirani. Wagonjwa waliacha kuzungumza. Mwanga ulikuwa kama wa magharibi.

Sista Matilda aliingia na beseni la maji ya moto, akaja moja kwa moja na njia ya katikati. Nilimwona Mzee Isakwisa akikohoa. Nasema nilimwona, kwa sababu sikumsikia. Kifua kilipanda, mdomo ukafunguka, akakohoa tena na tena, na mishipa ya shingo ikasimama, akitafuta kuishinda mvua. Matilda hakusikia. Alifika mpaka ubavuni pa kitanda ndipo akainua macho, na yeye na mzee wakatazamana.

Beseni lilianguka. Alijifunika uso kwa aproni, akainama hadi magoti yakakaribia sakafu, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na pale mlangoni akakimbia. Mzee alikuwa amejivutia blanketi kichwani.

Niliketi pale miguu yangu ikiwa ndani ya maji ya moto. Hivyo si namna mtesaji anavyomkimbia mtu wake.

18 Januari, Jumapili

Nimemngojea Mama Marta atoke kanisani.

"Mama, kikohozi cha kaka yako kilianza lini?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, nanyi mkampa dawa. Nilimwambia, kaka, kataa dawa ya watu, akasema ni tamu. Kile siyo kikohozi. Ni adabu."

Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Mkamwana, yaani mke wa mwana, hamtazami baba mkwe wake. Hatamki jina lake, hapiti mbele yake, na mwili wake ndiyo kabisa hawezi kuugusa. Mkwe naye akisikia kwamba mkamwana anakuja hukohoa, ili yule apate kupisha njia. Hayo nilikuwa nayajua. Nimeishi na Wanyakyusa miaka mingi. Nilichokuwa sijui ni kinachofuata.

"Lakini Matilda siyo mke wa mwanawe," nilisema.

"Ni mke wa mtoto wa Mwasomola. Mwasomola na kaka yangu walichunga pamoja, wakaondoka kwa baba zao pamoja, wakajenga kijiji chao wavulana watupu wa rika moja, kama desturi yetu. Mkamwana wa mmoja ni mkamwana wa wote waliojenga. Wewe ulidhani ukwe ni wa nyumba moja?"

"Mbona hakusema?"

"Aseme kwa nani? Kwa yule Metroni? Wasichana waliosoma wakisema mambo hayo mnawacheka. Na kaka yangu aseme nini, kwamba anamwogopa mtoto?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Miaka yote hii naishi kwa watu, na nimejua nusu ya adabu yao.

20 Januari

Dokta Kalinga amefika kutoka Iringa asubuhi. Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Alivua miwani.

"Kumbe ni mila," alisema.

"Kwao ni adabu."

"Sawa, adabu. Sasa niifanyie nini adabu, Mzee Malimi?"

"Badilisha zamu. Apolonia aje mchana, Matilda aende asubuhi katika wodi ya wanawake. Au hamisha mzee."

"Kitanda kimepigiwa kura. Zamu zimo kwenye mpango niliowapelekea wanaotoa fedha. Nikianza kusogeza watu kila linapotokea jambo, nitakuwa napika matokeo. Wewe mwenyewe ulilisifu hilo."

"Nililisifu kabla sijaona kidonda."

"Sikia, mzee wangu. Kama wauguzi wetu, katika wodi zetu, kwa adabu zetu, hawawezi kuitoa tiba hii, basi ni tiba isiyotufaa. Hilo nalo ni jibu. Tena ni jibu kubwa kuliko lile la kwanza. Mtu wa kitanda cha sita ndiye anayetuambia ukweli kuliko wote."

"Anauambia kwa kuoza."

"Andika," alisema. "Andika kila kitu, kama ulivyoona. Lakini mikono mfukoni."

Kinachoniudhi ni kwamba hoja yake inasimama. Nimeizunguka usiku huu kama mtu anayetafuta mlango kwenye ghala, na kila upande ni ukuta. Lakini ninajua pia kwamba hoja inayosimama juu ya mgongo wa mtu inapaswa kwanza kumuuliza mwenye mgongo.

21 Januari

Nimekwenda kwa Metroni Benedicta, maana Dokta alisema zamu ziko mikononi mwake, na yeye akasema ziko mikononi mwa Dokta.

"Mimi sipangi zamu kwa ukwe," alisema. "Nikifanya hivyo, ifikapo Jumatatu Wanyakyusa wote wa hospitali hii watakuwa wakwe wa mtu, hasa siku za sikukuu."

"Huyu mzee atakufa, Metroni."

"Na wewe umestaafu, baba. Wengine hatujastaafu. Nenda kaketi."

24 Januari

Nilimwuliza Isakwisa mwenyewe. Mkono mfukoni haumzuii mtu kuongea.

"Msukuma," alisema, "kwenu hakuna ukwe?"

"Upo. Wetu ni wa mama mkwe."

"Ungelala hapa, bila miguu, mama mkwe wako akaja kukuosha matako, ungekaa kimya?"

Nilifunga kitabu changu.

"Basi fungua kitabu chako uandike hivyo."

"Utaoza, mzee."

"Nitaoza hata nikiwa mtovu wa adabu. Yule mtoto anafanya kazi nzuri. Nasikia maji yake kitanda cha nne, nasikia anavyokamua kitambaa. Mwasomola alimtafutia mwanawe mke mzuri." Akatazama bati. "Mwambie sikohoi kumfukuza. Namfungulia njia."

Hajawahi kumlaumu Matilda hata mara moja. Mimi nilimlaumu kurasa nne.

2 Februari

Ngozi imefunguka. Ndani ni nyeusi.

5 Februari

Lori la dawa limekwama kwenye matope njiani. Hakuna poda. Matilda ameleta unga wa mhogo kutoka kwake, ameuchekecha kwa kitambaa, akaugawa vitanda vyote vyenye kitambaa chekundu. Fungu la kitanda cha sita alimpa Apolonia.

9 Februari

Leo nilimfuata Sista Matilda nyuma ya jengo, pale kwenye kamba za shuka. Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa na simlaumu tena. Nadhani nilitarajia ashukuru.

Alisikiliza, akaendelea kubana shuka.

"Kwa hiyo sasa unajua," alisema.

"Najua, binti yangu."

"Mimi siyo binti yako, mzee. Nyumbani kuna watu wa kuniita hivyo." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile ya wodini. "Niliweka alama za uongo, kweli. Metroni angenifukuza, na mume wangu yuko mgodini hajatuma neno tangu Oktoba. Nilimtafuta Saulo mpaka kwenye chumba cha maiti. Nilimwomba Apolonia arudi mchana, akarudi mara mbili, Metroni akamzuia. Mimi nimezuiwa na ukwe. Wewe umezuiwa na nini?"

"Na utaratibu wa utafiti."

"Huo utaratibu ulizaliwa nao?"

Niliokota kibanio kilichomwanguka, nikampa.

"Unakaa mbali naye hatua mbili," alisema. "Wewe ni mwanamume, ni dresa, huna ukwe naye, una mikono. Tangu Desemba unaandika kwamba mimi simgeuzi. Mchana ule nilioangusha beseni nilikuona. Ulikuwa umekaa."

Akachukua kapu lake tupu, akaenda zake kwa njia ya kuzunguka.

Nilirudi wodini. Nilikaa. Nikasimama. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikanawa. Niliweka kiganja kimoja chini ya bega na kingine chini ya nyonga, nikamviringisha bila kumvuta, kama tulivyofundishwa na sajini mmoja mwaka wa arobaini na nne. Niliweka mto katikati ya magoti. Nilikata nyama iliyokufa kadiri nilivyothubutu, nikaosha kwa maji ya chumvi. Mfupa unaonekana.

"Mikono yako baridi," alisema Isakwisa.

Wodi nzima ilikuwa inatutazama. Saulo alitoka kwenda kumwita Metroni.

12 Februari

Dokta ameniletea hasira zake kutoka Iringa. Safari ya barabara ile mbovu haikumpunguzia hata moja.

"Umeharibu kitanda."

"Kilikuwa kimeharibika."

"Hapana. Kilikuwa na matokeo mabaya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wewe ndiye mtu pekee katika hospitali hii niliyedhani anayajua."

"Nayajua."

"Kwa nini basi?"

"Niliona aibu," nilisema.

Alichukua karatasi ya kitanda cha sita.

"Kitaandikwa kuwa kimeingiliwa," alisema mwishowe, na hakunifukuza. Nimeendelea kumgeuza kila mchana, mbele ya watu wote, na kuandika kila mchana kwamba nimemgeuza mimi. Matilda siku hizi anaingia kwa mlango wa pili moja kwa moja. Mzee anakohoa mara moja tu, taratibu, kama salamu.

13 Februari

Ninamgeuza.

14 Februari

Ninamgeuza. Mvua.

16 Februari

Kidonda cha nyonga kinasafika pembeni. Kingine kimetokea juu ya mfupa wa mkia, nacho kinachimba. Mama Marta ananisaidia kumshika. Ananiita dresa wa watu.

27 Februari

Homa. Anatetemeka hadi kitanda kinalia. Sindano za penisilini. Amenieleza kwa kirefu namna walivyojenga kile kijiji chao yeye na Mwasomola, nani alikata mianzi, nani alikuwa mvivu, na mahali pale palivyobomolewa mwaka juzi watu walipohamishiwa vijiji vipya kando ya barabara. Akasimama katikati ya habari akasema, "Sasa tunaongea kama watu wawili wasio na kwao." Nilimwambia yeye kwao ni karibu, jioni moja ya safari. Alisema umbali haupimwi hivyo.

4 Machi

Hajui tena ni asubuhi au mchana. Anakohoa akimsikia mtu yeyote, hata Saulo.

6 Machi

Mzee Isakwisa amefariki leo mchana. Mimi na Mama Marta tulikuwepo. Sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Hakufa kwa mgongo wala kwa lori.

Matilda alikuwa zamuni. Kumwosha marehemu ni kazi ya muuguzi wa zamu. Alisimama mlangoni, uso ameufunika, na Mama Marta akamwambia kwa Kinyakyusa jambo fupi. Nilimwuliza Mama Marta baadaye alisema nini. Alimwambia: nenda, mtoto, umemheshimu hadi mwisho.

Nilimwosha mimi.

9 Machi

Matilda amehamishiwa wodi ya watoto. Metroni alikata jina kwa kalamu akaandika lingine. Nilikuwa nimesimama pale. Ilikuwa kazi ya pumzi moja.

Kumhamisha Januari kulishindikana. Desemba hakuna aliyemuuliza nani hawezi kumgusa. Nimeandika sentensi hizi mbili na kuzitazama muda mrefu, na hasira yangu haijapata maneno mengine.

21 Machi

Ngolo, mtoto wa kaka yangu, amepita akitoka Rujewa na mchele. Ng'ombe wao wamenenepa kwenye majani ya Usangu na watoto wake hawajui Kwimba ni upande gani.

"Baba mdogo," alisema, "kazi ya kuangalia wagonjwa wasiguswe ulipewa na nani?"

Nilimwambia ni kazi ya maana, ila inahitaji mtu anayejua aache lini. Alisema ng'ombe akizama, hakuna anayemwangalia ili ajue kina cha tope. Ana akili ya baba yake, na ulimi wake pia.

14 Aprili, Jumatano

Dokta Kalinga amekuja na taarifa, imepigwa chapa, nyeupe na nzuri. Tulikaa ofisini kwa Metroni. Alitusomea sehemu ya mwisho.

Kugeuza kunasaidia. Vitanda vyenye kitambaa chekundu, hapa na Iringa, vimepata vidonda visivyofika nusu ya vile vya vitanda vingine. Nilifurahi. Niandike hilo pia, kwamba kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, maana ni kweli na nimeiona kwa macho yangu kitanda cha pili na cha nne na cha tisa.

"Kitanda cha sita kiko wapi?" niliuliza.

"Kiliondolewa, mzee."

"Kiliondolewaje?"

"Kiliingiliwa. Kwa sheria ya utafiti, kitanda kilichoguswa na msimamizi hakihesabiki." Hakunitazama. "Ni mkono wako uliokiondoa."

"Kidonda kilifunguka tarehe mbili Februari. Mimi nilimgusa tarehe tisa. Yale ya kabla ni ya kwenu. Uliniambia mwenyewe kwamba huyo ndiye anayetuambia ukweli kuliko wote."

"Nilisema hivyo."

"Basi mhesabu. Mhesabu dhidi ya tiba yako. Au andika aya moja: kabla ya kumpangia muuguzi mgonjwa, muulize yupi hawezi kumgusa. Mistari mitatu. Mwakani unaanza Tukuyu, Dokta. Tukuyu kila mzee kitandani ana wakamwana wodini."

"Wanaosoma taarifa hii wako mbali. Watasoma aya hiyo na watasema wauguzi wa Mbeya ni washamba. Unataka hivyo?"

"Nataka wajue alikufa."

Metroni alikuwa anapanga kalamu zake. Dokta alifungua ukurasa wa mwanzo akaniwekea mbele. Jina langu limo, Bwana Malimi, kwa usimamizi wake makini. Akanieleza kwamba ananihitaji Tukuyu, kwa mshahara ulioongezwa, kwa sababu hajawahi kupata msimamizi anayeona kama mimi.

Nilimwambia alitoe jina langu mahali pale. Alisema imeshapigwa chapa.

Hivi ndivyo mambo yalivyo sasa. Kama ningebaki na mikono mfukoni, Isakwisa angekufa mapema zaidi na angehesabiwa. Nilimgusa, akaishi wiki chache akinisimulia kuhusu mianzi, na kwa sababu hiyo katika karatasi hakuwahi kulala hapa. Sijutii kumgusa. Nimejiuliza mara nyingi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha, na jibu ni lile lile. Aliyechukua huruma ya dresa mzee akaifanya kifutio si mimi.

15 Aprili

Nimempelekea Mama Marta Rungwe, kwa mkono wa mchungaji wake, nguo za kaka yake zilizobaki na barua ya kurasa mbili yenye habari yote, majina na tarehe. Nakala nyingine nimempa Sista Apolonia, ambaye ndiye atakayehamishwa kwenda Tukuyu kuwafundisha wengine. Aliisoma amesimama.

"Hii nitawasomea siku ya kwanza," alisema, "kabla sijawaonyesha hata namna ya kukunja shuka. Dokta akitaka anifukuze, nitauza vitunguu."

Matilda nilimkuta wodi ya watoto akimlisha mtoto uji. Nilimwambia ninaondoka. Alinisalimia kwa kupiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mtu mzima, akarudi kumlisha mtoto.

16 Aprili, Ijumaa Kuu

Mvua imeanza kukatika. Dereva wa Dokta, Danieli, alikuja asubuhi na gari kunichukua tukaangalie wodi ya Tukuyu. Alizima injini, akanywa chai yangu, akaniuliza kama mzigo uko tayari.

Mzigo ulikuwa tayari, lakini ni wa Rujewa, kwa Ngolo. Nilimpa Danieli koti jeupe la hospitali, limefuliwa na kukunjwa, ampelekee Dokta Kalinga. Aliuliza amwambie nini.

Nilimwambia amwambie kwamba sitarudi.